Nyuki wamehama karibu mizinga yote na kikundi kinataka kuvunjika, wadau wa nyuki naombeni msaada

Mgunga Mkavu
Wakuu habari za muda huu. Niko Manyoni, upande wa kwenda Itigi, tuna kikundi cha ufugaji nyuki hapa kijijini, mizinga arobaini na kitu, mingi ni hii ya kisasa ya masanduku na michache ya magogo ambayo wazee walikuja nayo kikundi kilipoanza. Mwezi wa sita tulirina asali vizuri tu, kila mtu akafurahi, tukalipa rejesho moja la mkopo. Sasa kuanzia mwezi wa nane nyuki wakaanza kupungua, leo mzinga huu kesho ule, na sasa hivi tunaingia mwezi wa tisa ukipita kwenye manzuki, pale tulipoweka mizinga, unasikia kimya, ukigonga mzinga hamna anayejibu, iliyobaki na nyuki haifiki hata kumi.

Shida sio nyuki tu, shida imehamia kwa watu. Kuna mjumbe anasema wazi kwenye kikao kwamba kuna mwenzetu anarina usiku peke yake ndo maana nyuki wamekasirika wakaondoka. Mwingine anasema tuuze mizinga tugawane hela kila mtu ashike lake. Na mweka hazina, mtu mzima kabisa, anashauri tumuite mtaalam wa jadi aje aangalie kuna nini pale manzuki. Jumapili tuna kikao kingine na nahisi kitakuwa cha mwisho.

Naombeni mnisaidie, nyuki wanahama kwa sababu gani kipindi hiki na wanarudi au ndo basi? Na nyie wenye vikundi mnaishije kiangazi bila kutoana macho?

Kambi ya Mitundu
Marahaba kama umenisalimia, na kama hujanisalimia basi salama tu. Niko Sikonge, kazi hii nimeikuta kwa baba.

Kwanza tulieni. Nyuki wetu wa Kiafrika sio kama wa Ulaya ambao wanajaza chakula ndani halafu wanajikusanya kusubiri baridi iishe. Wa kwetu maua yakikata anafunga safari anayafuata yaliko, hata mbali. Huku Tabora mwaka una asali mbili, kubwa ni ile ya kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba, inatoka kwenye miti ya muba na maua mengine ya mwisho wa masika, na ndogo ni ya mwezi wa kumi na moja kwenda wa kumi na mbili, hiyo inatoka kwenye miti ya mitundu na mininga inayochanua kabla mvua haijadondoka. Hapo katikati ni njaa. Nyie Manyoni mna vichaka vya Itigi na migunga, tarehe zinaweza kupishana kidogo lakini kiangazi ni kile kile, mvua inakata mwezi wa nne mnakaa mpaka wa kumi na moja au kumi na mbili hamjaona tone. Nyuki atakula nini kama mwezi wa sita mlimkomba kila kitu?

Sasa sikiliza, kabla hamjatukanana Jumapili nendeni mkafungue hiyo mizinga mitupu mmoja mmoja muangalie wameacha nini ndani. Nyuki anayehama kwa njaa anajipanga. Malkia anaacha kutaga, yai mpaka nyuki kamili ni kama wiki tatu, wanasubiri majana (watoto wa nyuki) ya mwisho yatoke, asali iliyobaki wanaimeza kama chakula cha njiani, ndo wanaondoka. Ukifungua unakuta masega makavu matupu, hamna majana wala asali. Huyo hajafukuzwa na mtu. Aliyefukuzwa hana muda wa kujipanga, anaacha majana, anaacha asali, anaacha kila kitu. Ukikuta hivyo ndo uulize nani kamfukuza. Siafu wanaacha mabawa na vichwa vya nyuki vimetapakaa chini. Nyegere anaangusha mzinga au anang'oa mfuniko, na kucha zake utaziona kwenye mbao. Moto utaujua mwenyewe. Na binadamu anakata sega kwa kisu, ukingo unanyooka, alafu anaacha masizi ya mwenge mlangoni na nyuki walioungua.

Kwaiyo huyo mjumbe anayesema kuna mwizi aende na nyie, aoneshe sega lililokatwa. Akikosa anyamaze.

Korosho Kwanza
Uzeni mizinga mlime korosho, Manyoni ya sasa sio ya nyuki tena 😂

Mama Manzuki
Korosho Kwanza acha hizo kaka. Hiyo mikorosho yako bila wadudu wa kuchavusha unavuna nini? Na inachanua lini? Si hiki hiki kiangazi, mwezi wa saba wa nane wa tisa, wakati porini hamna kitu, yani nyinyi mngeweza kuwa ndo mnatulishia nyuki. Tatizo mnapiga dawa ya mbu wa mikorosho saa nne asubuhi maua yamefunguka na nyuki wapo juu yake. Salfa ya ugonjwa wa ubwiriunga sijali sana, mnapuliza alfajiri na haiui nyuki kama hizi dawa za wadudu.

Mgunga Mkavu, hapo ongeza alama moja kwenye zile za mzee wa Sikonge. Ukikuta nyuki wamekufa rundo mlangoni kwa mzinga, wengine wanatetemeka wanazunguka zunguka chini, ulimi umetoka nje, hiyo ni sumu. Usihangaike na mganga wala mwizi, hangaika na jirani anayepiga dawa. Sisi kwetu Singida vijijini tuliongea na wakulima kwenye mkutano wa kijiji, sio kwa ugomvi, tukawaomba wapige jioni nyuki wakisharudi na watuambie siku moja kabla. Wengine wanakubali, wengine hawakubali, ila ni bora kuliko kukaa kimya.

Korosho Kwanza
Dada nilikuwa natania bana. Ila kiukweli hakuna mtu amewahi kuja kuniambia habari ya kupiga jioni, afisa ugani anatuambia dawa gani na kipimo gani, basi. Na mimi nina shamba ukanda wa Masigati, mizinga ya watu ipo ng'ambo ya barabara sijui hata ni ya nani. Wekeni kibao chenye namba ya simu, mtu akitaka kupiga dawa apige na simu.

Mama Manzuki
Kibao! Hilo nalo neno, tumekaa miaka hatuna kibao.

Fundi Mizinga
Mimi ni fundi seremala nipo Dodoma, nachonga mizinga na pia nafuga. Ntaongea kitu ambacho watu hawapendi kusikia. Hii mizinga mingi ya kisasa inayogawiwa ni mbao nyembamba, juu bati, imening'inizwa kwenye jua kwa sababu mti wenye kivuli ulikuwa mbali na barabara na mheshimiwa alitaka kupigia picha. Mwezi wa tisa jua la kati huku unalijua. Masega yanalainika na kudondoka, nyuki wote wanageuka wabeba maji wa kupooza nyumba badala ya kutafuta chakula, mwisho wanaondoka. Mzinga wa gogo unaodharaulika kuwa wa kizamani una ukuta mnene, ndani kunakaa pametulia. Angalia hapo kwenu, iliyobaki na nyuki ni ipi, naweka dau ile ya wazee imo.

Sisemi mzinga wa kisasa mbaya, kazi yangu ndo hiyo. Unafungua sega moja moja, unachagua lililoiva, unaacha la majana, mzinga wa gogo hauwezi kukupa hiyo. Ila weka kivulini, weka nyasi juu ya bati, mlango uangalie pembeni na upepo, ning'iniza kwa waya kati ya miti miwili uwe usawa wa kiuno, waya upake grisi au oili chafu siafu wasipite. Nyegere hawezi kutembea kwenye waya. Na usawa huo kinamama nao wanafanya kazi, maana gogo la juu ya mti ni la wanaume wanaopanda.

Na maji. Beseni lenye mawe na vijiti vya kutua, chini ya mti hapo hapo manzuki, muweke zamu. Msipoweka nyuki wataenda kisimani kwa wanawake na watoto, atang'atwa mtoto mmoja, kijiji kizima kitawageuka.

Mgunga Mkavu
Wakuu nawashukuru sana, sikutegemea majibu haya. Fundi umepiga kwenye mshono, kwenye hiyo iliyobaki na nyuki ya magogo imo karibu yote. Na kisima ni kweli, mwaka jana kulikuwa na ugomvi pale watu walichoma kwa kuni za moto nyuki waliokuja kunywa maji. Kesho asubuhi tunaenda watu wanne kufungua mizinga, nimemwambia na yule mjumbe wa mwizi aje. Swali dogo, kuna mtu kaniambia niwape nyuki maji ya sukari kiangazi hiki, ni sawa?

Kambi ya Mitundu
Sukari hapana. Acha asali yao.

Fundi Mizinga
Mzee wangu hapo tutapishana kidogo. Kwa kundi ambalo limebaki na ni dhaifu, maji na sukari nusu kwa nusu, ndani ya mzinga, jioni, inalishikilia mpaka maua yatoke. Unaacha kabla maua hayajaanza, hamna sukari inayoingia kwenye asali ya kuuza.

Kambi ya Mitundu
Wewe utaacha kabla ya maua, mwenzio hataacha. Mnunuzi akisikia Manyoni wanalisha sukari ameshasikia, hatakuuliza uliacha tarehe ngapi. Asali ya pori la kati inauzika kwa sababu inajulikana nyuki kaitoa porini. Na ni gharama, kilo ya sukari bei gani saa hii? Kurina kwa adabu ni bure. Sega ambalo robo tatu limezibwa na nta chukua, lisilozibwa liache, lenye majana usiguse, na mwezi wa sita achia kila mzinga masega matatu manne ya kulia kiangazi. Asali isiyozibwa ina maji mengi, inachacha kwenye ndoo, kwaiyo hata ukiichukua umechukua hasara.

Fundi Mizinga
Kwenye kuacha asali tupo pamoja mzee. Kwenye sukari tukubaliane kutokubaliana.

Kyalo wa Mwingi
Salamu kutoka Kitui, Kenya. Huku kwetu mvua ni mara mbili, lakini ile ya Oktoba mpaka Disemba ndio ya kutegemea, ya Machi siku hizi inatudanganya. Kwa hivyo nyuki wanahama kwetu pia, kuna miaka ya ukame unapata mizinga imekauka tu. Kitu nimejifunza ni kwamba mzinga mtupu sio mzinga bure, ni kitanda cha mgeni. Kama wamehama, fungua, toa masega yote ya zamani kabla nondo wa nta hajataga. Ukichelewa unapata funza na utando kila mahali, hapo hakuna kundi litaingia. Yayusha hayo masega upate nta, ingine uuze, ingine upake kwa vijiti vya juu. Halafu sugua mlango na ndani na mchaichai, ile ya chai, harufu yake inafanana na ile nyuki wanatumia kuitana. Mzinga uwe tayari kabla maua ya kwanza ya mgunga yafunguke. Ukisafisha baada, umekosa basi, wageni wameshapata shimo kwa mbuyu.

Na hiyo maneno ya kikundi, sisi tulikuwa na kikundi ya mizinga ya pamoja tukagombana mpaka kwa chifu. Sasa kila mtu ako na mizinga yake kwa jina lake, lakini mashine ya kukamua, mavazi na soko ni ya pamoja. Imetulia.

Mgunga Mkavu
Wakuu narudi na ripoti, samahani kwa kuchelewa mtandao huku unajua wenyewe.

Tumefungua yote. Mingi, yani zaidi ya nusu, ni ile aliyosema mzee, masega makavu hamna kitu, safi kabisa, wamejipanga wameondoka. Michache imeshaingia nondo, utando kila kona na harufu mbaya. Minne ipo mstari mmoja upande wa bondeni tumekuta majana yamekauka ndani na mabawa chini, siafu. Na mmoja, mmoja tu, una sega limekatwa na kisu na masizi mlangoni. Kwaiyo yule mjumbe hakukosea moja kwa moja, ila aliyerina pale hawezi kuwa amefukuza nyuki wa mizinga thelathini. Tulinyamaza wote pale, kila mtu anamuangalia mwenzie. Kisu hakina jina.

Kingine, tumekuta kundi dogo limejipachika kwenye mzinga wa gogo ambao mwezi wa nane ulikuwa mtupu. Hatujui limetoka wapi.

Sasa Jumapili nasemaje? Nikitaja ule mmoja kikao kinageuka mahakama, nisipoutaja nitaonekana namficha mtu.

Kambi ya Mitundu
Utaje. Utaje hesabu nzima kama ulivyotuandikia hapa, njaa ngapi, siafu ngapi, kisu kimoja, alafu uende ajenda inayofuata. Ukianza kumtafuta mwenye kisu hutompata na utapoteza watu.

Ngoja nikwambie kambi ilivyokuwa. Tulikuwa tunaingia pori la akiba la Ugalla kwa kibali msimu wa asali, tunakaa porini wiki kadhaa, watu wa vijiji tofauti, mizinga imechanganyika kwenye miti mtu na mtu. Wizi ungekuwa rahisi kuliko kuokota kuni. Kilichotulinda ni vitu viwili. Kila gogo lina alama ya mwenyewe imechongwa kwa shoka, na hakuna mtu anafungua mzinga peke yake hata kama ni wa kwake, lazima mwende wawili, na asali ikifika kambini inapimwa mbele ya wote kabla haijaingia ndoo ya mtu. Mtu aliyeenda peke yake hatukumuuliza kama kaiba, tulimuuliza kwa nini kaenda peke yake. Swali hilo linajibika. Mwaka 2019 Ugalla ikawa Hifadhi ya Taifa, kambi zikaisha, tukabanana kwenye misitu iliyobaki ambayo nayo inakatwa kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku, ila sheria ile tumehama nayo.

Kwaiyo pitisheni hiyo Jumapili. Namba kwenye kila mzinga, daftari moja, kila mzinga ukifunguliwa wanaandikwa wawili waliofungua, tarehe na walichokuta.

Mama Manzuki
Naunga mkono, ila daftari asishike mweka hazina, ashike mtu mwingine, hela na rekodi zikae mikono tofauti. Na muandike kwa kilo sio kwa ndoo. Ndoo ya lita ishirini ikijaa asali ni kama kilo ishirini na nane, na kuna wanunuzi wanakuja vijijini wananunua ndoo kwa mahesabu ya kilo ishirini, wanatuimbia tu. Mizani ndogo ya kuning'iniza nunueni kabla ya kitu kingine chochote. Nusu ya ugomvi kwenye kikundi chetu ilikuwa ni hii, mtu anadhani mwenzake kaficha kilo kumi kumbe zimeondoka na mnunuzi.

Fundi Mizinga
Na mfyeke kinga moto kuzunguka manzuki wiki hii, msisubiri. Mwezi huu watu wanachoma mapori kuandaa mashamba na kutafuta nyasi mpya za ng'ombe, moto ukipita hapo hata hayo makundi machache mliyobaki nayo hamtayakuta. Ile minne ya bondeni hamisha, siafu wana njia yao hapo watarudi tu.

Korosho Kwanza
Mgunga Mkavu nitumie ujumbe pembeni. Kama manzuki yenu ni ile iliyo pale penye ng'ombe wengi kabla ya reli basi mimi ni jirani yenu. Nitaongea na wenzangu wa bloku letu la mashamba ya korosho kuhusu kupiga jioni, siahidi wote ila wawili watatu nawajua. Na mkitaka kuleta mizinga michache pembeni ya mikorosho mwakani mwezi wa saba karibuni, tutaandikishana.

Mgunga Mkavu
Ndio hiyo hiyo mkuu, nakutumia namba sasa hivi. Wakuu kikao kimefanyika jana. Hesabu nimeisoma yote, kelele zilikuwepo kama nusu saa hivi, mzee mmoja akasimama akasema kama mtu ana ushahidi alete na kama hana tuongee siafu, watu wakacheka ikapita. Daftari tumekubaliana, atashika katibu. Mganga tumeahirisha, mweka hazina kasema tusubiri mvua kwanza tuone. Wawili wamejitoa, nao mizinga yao watachukua ile tuliyokubaliana tangu mwanzo, sio tatizo. Hoja ya Kyalo ya kila mtu na mizinga yake imewagawa watu, itarudi kikao kijacho.

Sasa tumeyayusha yale masega, tumepata nta kidogo, haitoshi kupaka mizinga yote. Kuna mtu Itigi au Manyoni mjini ana nta safi ya kuuza kilo mbili tatu? Isiwe imechanganywa na mishumaa tafadhali, tulishauziwa hiyo.

Mama Manzuki
Ninayo kilo mbili, Ijumaa kuna kijana wangu anapita Manyoni stendi asubuhi. Mchaichai chuma kwa jirani, usinunue.